Kiganja Juu ya Mudomo

Ule mwaka tulikula kambale mpaka watoto wakaanza kulia wakiona sufuria. Ziwa lilikuwa limepanda na kuingia mu nyumba za chini, na wenye nyumba walikimbilia milimani na magodoro juu ya kichwa. Maji yakabaki ndani, kambale wakafuata matope. Ulikuwa unaona muntu muzima anavua mu chumba chake cha kulala. Asubuhi kambale wa kuchemusha, magaribi kambale wa moshi, ukifunua sombe ya majani ya mihogo, kambale anakuangalia. Ndakala, dagaa zetu, zilipotea, samaki mukeke ulikuwa wa kusikia habari yake tu. Muulize mama yeyote wa hapa Kalemie mutoto wake alizaliwa lini, atakujibu: mbele ya kambale, ao nyuma ya kambale.

Mujukuu wangu aliota meno katikati ya kambale.

Nilikuwa namusafisha kinywa na kitambaa, asubuhi. Mama yake, binti yangu wa mwisho, alikuwa amekwisha kupanda bato, meli ya ziwa, kwenda Moba na furushi zake za vitenge. Baba ya mutoto anachimba mawe kule Manono. Anarudi mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine harudi. Kwa hiyo mutoto alikuwa wangu, muchana na usiku. Nikapitisha kidole ku ufizi wa chini: laini. Nikapitisha ku ufizi wa juu, kitu kikanikwaruza.

Nikakaa chini. Nikapitisha tena. Meno mawili, juu, madogo kama punje za muchele.

Mimi ni muntu wa Mpala. Kwetu mutoto anayeanza na meno ya juu ana jina lake, anaitwa kinkula. Ng'ambo, kwa watu wa Kigoma, wanasema kigego. Mama yangu alinieleza hiyo habari mara moja tu, tukiwa tunatwanga mihogo, bila kuniangalia. Alisema zamani kinkula alikuwa anapelekwa ku ziwa, na waliomupeleka walikuwa wanarudi na kitambaa cha mugongo kitupu. Sababu? Meno. Kila jino la kinkula likianguka, muntu mumoja wa jamaa anakufa. Nikamuuliza: "Mama, wewe uliona?" Akaniambia: "Twanga."

Siku hizi hakuna anayepeleka mutoto ku ziwa. Kuna sheria, kuna redio. Siku hizi wanamupeleka mu chumba cha maombi. Wanamufungia humo, wanamunyima chakula wiki mbili, tatu, wanamupigia kelele ku masikio ili pepo atoke. Na akitoka yeye, watoto wenzake wanamuita ndoki, muchawi, mpaka anahama muji. Nilimuona mumoja, wa nyumba ya nyuma yetu. Alikuwa na miaka sita. Aliporudi mikono yake ilikuwa kama vijiti vya kuwashia moto. Sitaandika zaidi juu yake.

Basi nilificha. Hata binti yangu sikumuambia. Nilikuwa na hesabu yangu: meno ya chini yakiota, nani atajua yapi yalitangulia? Ni miezi miwili, mitatu ya kufunga mudomo. Akija mugeni, naweka kiganja juu ya mudomo wa mutoto. "Sss." Akicheka, kiganja. Na mutoto wa umri ule anacheka kila kitu, anacheka mbuzi, anacheka ndoo. Siku ya kupima watoto ku kituo cha afya, nikasema ana homa. Ku kanisa nilikaa inje. Majirani wakasema, yule mama mukubwa ana roho mbaya, hataki tumushikie mutoto. Nikaitikia. Roho mbaya, ndiyo. Endeleeni.

Siku moja tukasikia hatua za muntu ku uwanja. Mbele mukono wangu haujafika, mutoto mwenyewe akainua kiganja chake kidogo, kinene, na kufunga mudomo. Akaniangalia juu ya vidole.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilijisifu. Nilisema: ona akili hiyo, ni damu yangu.

Meno ya chini yakaota. Nikachinja kuku, sikuambia muntu ni ya nini. Kuanzia hapo nikatembea naye muji muzima, mudomo wazi, nani anataka kuona aone. Lakini kile kiganja hakikuondoka. Hatua zikisikika, kinapanda. Na nyuma ya kiganja, maneno hayakuja.

Mwaka mumoja na nusu, nikasema bado. Miaka miwili, watoto wa majirani walikuwa wanatukanana vizuri, wanaomba, wanasingizia. Wangu alikuwa anavuta kitambaa changu na kuonyesha kidole. "Mm." Maji: mm. Mukate: mm. Kila muntu alileta dawa yake. Mumoja alisema nimulishe makombo ya kasuku. Mwingine, mama muuza mafuta, alikuja na wembe mu karatasi, akasema kuna kamba chini ya ulimi, anikatie mara moja, dakika moja tu. Nikamuambia aanze na ulimi wake, sote mu mutaa tutapumzika.

Nilikuwa na mudomo mukali juu ya watu. Ndani nilikuwa naoza. Maana mimi peke yangu nilijua mambo mawili: meno ya juu, na mukono. Kila mara nikawa najiuliza ni lipi kati ya hayo mawili lililofunga huyu mutoto. Na yote mawili sikuweza kuyasema.

Alipofikisha miaka mitatu na kidogo, ikafika Bonané. Mwenye hajui: siku ya kwanza ya mwaka, watoto wanatembea nyumba kwa nyumba, wanapiga kelele "Bonané!" ku mulango, na mwenye nyumba anawapa bombo za sukari, ao bitumbula vya moto kutoka mu mafuta. Mu mutaa wetu wanajipaka pia. Unga wa mihogo ku uso, makaa kuzunguka macho, wengine wanakata kartoni wanatoboa matundu, wanakuwa simba, wanakuwa polisi, wanakuwa wazungu. Nilimupaka wangu mwenyewe. Nikamuchorea masharubu ya makaa. Akajiangalia mu maji ya beseni, akacheka mpaka akakaa chini. Sikuweka mukono. Nilisema mu roho yangu: leo ni siku nzuri.

Nilitembea nyuma ya kundi lao, mimi na fimbo yangu, kama muchungaji wa mbuzi weupe. Nyumba tatu zikapita vizuri. Wenzake wanapiga kelele, yeye ananyoosha mikono, anapewa. Nyumba ya ine ilikuwa ya shangazi yake, dada ya baba yake. Ni mwanamuke musafi, mukali, mu chumba cha maombi njo yeye anayebeba funguo.

Alisimama ku mulango na beseni ya bitumbula ku kiuno.

"Hapa kwangu, kila muntu aseme yeye mwenyewe. Hakuna kupita mu mugongo wa mwenzako!"

"Bonané, tantine!" Kitumbula. "Bonané!" Kitumbula. Halafu zamu ya wangu. Masharubu yake yamekwisha kuyeyuka na jasho. Akanyoosha mikono.

"Sema Bonané."

"Mm."

"Hapana. Sema Bo-na-né. Shangazi yako anataka kusikia."

Mutoto akaniangalia. Kiganja kikapanda, kikafunga mudomo.

"Kwa nini kila siku anafunga mudomo?" Shangazi akaweka beseni chini. Akapiga magoti, akashika ule mukono, akauvuta. "Kuna nini mu hiki kinywa?"

Mimi, mwenye kujifanya mujanja, nikajibu mbio:

"Hakuna kitu! Meno ya juu yaliota sawa na ya watoto wote."

Watoto wakaendelea kutafuna. Shangazi hakuinuka. Alibaki chini, mukono wa mutoto mu mukono wake, halafu akageuza kichwa pole pole.

"Mama. Nani ameuliza meno ya juu?"

Niliona vile alihesabu. Ile siku ya kupima, homa. Ule mwaka wote, koko, bibi yake, mwenye roho mbaya. Aliachilia mukono wa mutoto kama anaachilia sufuria ya moto. Kitumbula akamupa, hilo nisimusingizie. Alikiweka juu ya mawe ya mulango, mutoto akakiokota mwenyewe.

Binti yangu alirudi na bato nyuma ya siku mbili. Nilimukalisha nikamueleza yote, kwa sababu nilijua mutaa utamueleza kesho. Nilifikiri atalia juu ya meno. Hakulia juu ya meno.

"Mama, miezi ngapi ulimufunga mudomo?"

"Mitatu. Labda ine. Lakini nilikuwa namu—"

"Na mimi nikaacha kulala mu bato, nafikiri ni kosa langu. Kwamba ni sababu mama yake hayuko. Miaka miwili nafikiri hivyo! Na wewe unaniangalia tu."

Nilitaka kumujibu. Nimezoea kujibu. Hakukuwa na jibu mu kinywa changu, nikajua kidogo vile mutoto anajisikia.

Asubuhi alitubeba wote wawili mpaka ku kituo cha afya. Mama munganga mumoja, mwenye miguu mizito na sauti ya chini, alimukalisha mutoto juu ya meza. Akaenda nyuma yake akaangusha kijiko mu sahani ya chuma. Mutoto akageuka. Akarudi nyuma zaidi, akasema pole pole sana, "Bitumbula." Mutoto akageuka mbio kuliko mara ya kwanza.

"Masikio ni mazuri kuliko yangu," akasema. "Muchana nzima, nani anakaa naye?"

"Mimi."

"Unamuambia nini?"

Nikafungua mudomo nieleze. Nikatafuta. Nilichopata ni hiki: Sss. Kaa. Acha. Kuja kula. Mimi ninayezungumuza na kuku, na redio, na marehemu mume wangu, mutoto sikuwa namuzungumuzisha. Nilikuwa namubeba tu.

Nikamuambia ya mukono. Sikumuambia ya meno. Binti yangu njo aliyasema, kwa hasira, na munganga akapungia mukono tu kama anafukuza inzi. Meno yanaota vile yanataka. Lakini ya mukono, alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Koko, kama ni huo mukono, mimi sijui. Kuna watoto wanaochelewa bila kufungwa na muntu. Siwezi kukupa kosa, na siwezi kukutoa kosa. Lakini toa mukono. Mukalishe mbele yako, aone uso. Unaosha sahani, sema sahani. Unachota maji, sema maji. Halafu nyamaza, umungojee. Hata kama inachukua muda. Wewe kunyamaza njo itakuwa dawa kali, naona."

Binti yangu alicheka. Ni mara ya kwanza tangu arudi.

Tulikuwa na siku tano za sahani na maji. Siku ya sita, yenye ilikuwa siku ya Mungu, shangazi akaja na pasta wake, ibada ikiwa imekwisha. Tukawapa viti vya plastiki. Pasta akaweka Biblia juu ya magoti. Shangazi hakutaka maji ya kunywa, nikajua ni mambo mazito.

"Mama," akasema, "sikuja kugombana. Mimi nina kaka mumoja. Mumoja tu. Kila asubuhi anaingia mu shimo. Wiki iliyopita shimo lilibomoka, alitoa mwenzake na mikono, akiwa amekufa. Huyu mutoto akifika miaka sita, meno yataanza kuanguka. Jino la kwanza litamutafuta nani?"

Nataka niandike hili, maana ni kweli: Hakuwa muntu mubaya. Alikuwa anaogopa, na muntu mwenye kuogopa akiwa na funguo ni hatari kuliko muntu mubaya.

"Na angalia," pasta akaongeza, "pepo amekwisha kufunga ulimi. Wiki mbili tu, Koko. Tunafunga, tunaomba, anarudi mutoto mupya."

"Nyinyi mutafunga, ao yeye?"

"Sote."

"Wewe pasta una tumbo la kukaa wiki mbili. Yeye hana."

Shangazi akatoa telefone, akamupigia kaka yake, akaweka sauti inje ili sote tusikie. Upepo wa Manono ukaingia mu nyumba yangu, na nyundo, na watu wakiitana. Halafu sauti ya mukwe wangu, mbali, imechoka.

"Mama, mimi sijui. Dada anasema ni wiki mbili. Kama ni wiki mbili... muone ninyi wenyewe. Mimi niko mu mashimo hapa, Mama, sina akili ya hayo."

Mimi nilikuwa naangalia telefone. Nilipoinua macho, niliona binti yangu amesimama karibu na kamba ya nguo. Alikuwa anakunja nguo za mutoto. Moja, mbili, anaweka mu mufuko. Uso wake ulikuwa wa muntu anayetembea akilala. Mume wake amekwisha kusema, wifi yake amekwisha kusema, na mama yake ni mwenye kumudanganya miaka mitatu. Nilielewa. Angenisikiliza mimi kwa nini?

Na mutoto, katikati ya viti, kiganja juu ya mudomo.

Nikasimama. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, magoti yakalia. Nikashika ule mukono wake, pole pole, nikaushusha. Nikashika kidevu.

"Kujeni muone," nikasema. "Ndiyo, yalianza juu. Mimi njo niliyaona, mimi njo niliyaficha. Na huu mukono mumeuona, munaosema ni wa pepo, ni mimi niliyemufundisha. Mimi. Kama munatafuta ndoki mu uwanja huu, yuko mbele yenu, amevaa kitenge cha njano. Nifungieni mimi wiki mbili. Njaa naijua, tulizoeana mbele ninyi hamujazaliwa."

"Koko, unapinga Mungu?" pasta akasema.

"Mungu njo fundi wa meno. Muulize yeye kwa nini alianzia juu."

"Na kaka yangu?" Shangazi alikuwa amesimama. "Mama, na kaka yangu?"

Hapo sikuwa na kichekesho. Niliangalia ule mufuko. Niliangalia binti yangu. Nikasema, si kwa kelele, kama unavyosema muchele umekwisha:

"Huyu mutoto hatoki mu hii nyumba."

Halafu wakaondoka. Shangazi, akifika ku barabara, alisema kwa sauti ya kusikika na majirani wote kwamba damu yoyote itakayomwagika itakuwa juu ya kichwa changu. Binti yangu aliacha kukunja, lakini nguo hakuzitoa. Ule mufuko ulikaa karibu na mulango siku nane. Siku ya tisa niliukuta mutupu, na nguo zimerudi ku kamba.

Sahani. Maji. Moto. Kuku. Nilisema mpaka kuku wakachoka. Nilisema na kungoja, na kungoja kulinishinda kuliko kulima. Ilipita Pasaka, ikapita mavuno ya karanga. Siku moja nilikuwa nakaanga bitumbula, nimesema kitumbula, nimenyamaza, nimekwisha kusahau kwamba nangoja. Sauti ikatoka chini ya kiwiko changu.

"Leta."

Nilimuletea beseni nzima. Alikula mpaka akatapika.

Shangazi alipopata habari alisema ni wao walikuwa wanaomba kutoka mbali. Sawa. Wachukue sifa, mimi nina mutoto.

Sasa anakaribia miaka sita. Anasema, si kama wengine. Maneno yake yanafika moja moja, kama watu wanaoshuka ku bato juu ya ubao mwembamba. Mwalimu wake anasema anakaa nyuma. Akisikia hatua, mukono bado unaanza safari. Huo mukono nilimufundisha mimi, sitegemei atausahau mbele yangu kuingia udongoni.

Na jino linatikisika. La juu, moja ya yale yale ya kwanza. Anatembea mutaa muzima analisukuma na ulimi, anafungua mudomo kwa kila muntu: "Ona! Ona!" Anacheka. Mimi niliyemuambia pasta yale maneno yote, kila asubuhi napiga telefone Manono. Mukwe wangu ananiuliza, "Mama, kuna nini, unanipigia kila siku?" Namuambia nilitaka kusalimia. Nasikia nyundo, nasikia anapumua, nakata. Kama naamini ao siamini, hilo ni langu na Mungu. Sitamulipisha mutoto woga wangu mara ya pili.

Jana muchana shangazi alirudi. Alikuwa amesikia habari ya jino. Pasta hakuwa naye, alikuwa na mama wawili wa maombi, wenye nguvu za mikono, na moto taksi, pikipiki ya kukodi, ilikuwa inangoja ku barabara, haijazima injini. Binti yangu yuko Moba. Tulikuwa wawili tu, mimi na mutoto, ndani ya nyumba, tunachambua sombe.

Hatua zikaingia ku uwanja. Mukono wa mutoto ukapanda, ukafika ku kifua, ukasimama hapo. Niliuangalia ule mukono kuliko nilivyowaangalia wale wanawake. Haukupanda zaidi.

"Mama," shangazi akasema, "leo sina maneno mengi. Muda umefika."

Nikaweka sombe chini. Nikapanguza mikono. Nikaenda nikasimama mu mulango, mwili wangu wote, na wenye kunijua wanajua mulango ule unajaa.

"Huyu mutoto hatoki mu hii nyumba."